Meza Isiyoshika Vumbi

Mwezi wa Novemba shule yetu hubaki na Kidato cha Nne peke yao. Wadogo wao hufunga mapema, mabweni yanapigwa kufuli, na watahiniwa wanahamia wote katika bweni moja lililo karibu na kanisa. Ukikatiza uwanja mchana utasikia malori ya saruji yakipita kwenye barabara ya Namanga, na bati lililolegea likigongagonga mahali usipopajua. Nimefundisha hesabu pale miaka mingi, na kila Novemba najiambia kwamba ukimya ule hautanibabaisha. Kila Novemba unanibabaisha.

Halafu kuna vumbi. Mtu ambaye hajaishi kati ya Kitengela na Isinya anadhani analijua vumbi. La kwetu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa na tambara limesukumwa kwenye ufa. Unapangusa meza jioni, na asubuhi unaweza kuiandikia kwa kidole. Ndiyo maana wakati wa mtihani wasichana wawili wa zamu hupangusa meza zote za ukumbi kabla msimamizi hajafika.

Mwaka ninaousimulia, darasa langu lilikuwa na pengo. Msichana mmoja aliugua likizo ya Agosti nyumbani kwao, mbele ya mji wa Kajiado. Homa ilimlaza, wakampeleka hospitali, na shule zilipofunguliwa yeye hakurudi. Sitamtaja jina, na msomaji ataona sababu. Kwa hesabu alikuwa amenipita, nalisema hilo bila haya. Nikikosea ubaoni hakuwa akinyoosha mkono kama wenzake wenye kujionyesha. Alikuwa anakohoa kidogo, mara moja, nami nageuka kutafuta kosa langu. Nilimpenda kuliko wengine, jambo ambalo mwalimu hatakiwi kulifanya, na nilidhani nimelificha vizuri.

Sasa, mtahiniwa akishasajiliwa mwanzoni mwa mwaka amesajiliwa, na kufa hakumwondoi. Nambari yake ilibandikwa kwenye meza yake, safu ya dirishani, kati ya wenzake wawili walio hai. Kila karatasi ya mtihani iliwekwa pale, ikangojewa, kisha ikachukuliwa vilevile ilivyokuwa. Siku ya kwanza msimamizi, mwanamume mpole kutoka shule nyingine, aliniuliza mlangoni, "Mwalimu, huyu wa dirishani amechelewa?" Nikamwambia alikufa Agosti. Akaangalia saa yake, sijui alitaka imwambie nini.

Siku ya Marehemu Wote, Sista ambaye ndiye mkuu wa shule alisoma kanisani majina ya wafu wetu, kama afanyavyo kila mwaka. Alisoma wazazi, walimu wa zamani, watawa wenzake, na safari hii akalisoma na jina la yule msichana. Sista hajui kunong'ona. Alilitamka kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja, wasichana wakamwombea raha ya milele, wengine wakilia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na Sista kufungua ukumbi. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila meza, jekundu, laini, isipokuwa ile ya dirishani. Ile ilikuwa safi.

Nilicheka. Nikasema kuna mjanja ameingia kwa dirisha, na nikimshika atanitambua. Jioni nilisimama pale mwenyewe hadi Sista alipozungusha ufunguo na kuutia mfukoni mwa kanzu yake. Kulipokucha meza ilikuwa safi tena. Nikapitisha kidole juu ya mbao, kidole kikatoka kama kilivyoingia. Sista alifanya ishara ya msalaba, akaniambia nisiwatie watoto hofu wakati wa mtihani. Watoto wenyewe walikuwa wamejua kabla yetu.

"Tulimwita, akaja," kiranja wa darasa aliniambia, macho yake yakiwa chini. "Madam, si umeona?"

"Nimeona meza safi," nikamjibu. "Nenda ukasome."

Nilikuwa mkali kwa sababu nywele za shingoni zilikuwa zimenisimama. Mimi ni mtu wa hesabu. Napenda jambo lililo na hatua zake, hii kisha ile, na hapa hatua zilikataa kupangika.

Ikafika karatasi ya hesabu. Mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia ukumbi, basi nikakaa mbali chini ya mgunga nikijitia kusahihisha vitabu. Upepo ulikuwa umetulia, jambo la nadra kwetu. Katikati ya utulivu ule nikasikia kikohozi kimoja kidogo. Nilisimama nikatazama ubao, na hapakuwa na ubao. Nilikuwa nje, mbele yangu kuna uwanja, seng'enge, na pundamilia wawili upande wa pili wakila majani makavu. Nikajisema, ukumbi mzima wa wasichana ndani ya vumbi, atakosaje mmoja kukohoa? Nikaketi, nikavuta tena vitabu vyangu.

Walipotoka walinizunguka bila ile kelele yao ya kila siku. Kiranja ndiye aliyesema.

"Madam, lile swali refu la mwisho, wote tulikuwa tumeenda njia mbaya. Halafu tukasikia ile kitu yake. Unajua? Ile ya kukohoa. Tukarudi nyuma, tukaona makosa."

"Wote?"

"Wote, Madam. Ata yule hupenda kulala kwa paper."

Nikawaambia kwamba maneno hayo yakimfikia msimamizi tutaandikiwa udanganyifu, na sijui mshtakiwa atapelekwa wapi. Hakuna aliyecheka. Matokeo yalipotoka baadaye, darasa lile lilifanya vizuri katika hesabu kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha, na Sista aliwasifu mbele ya wazazi hadi akaishiwa na pumzi. Kwenye safu ya yule marehemu palikuwa na herufi ile wanayopewa wasiofika.

Lakini kabla ya matokeo hayo, tatizo lilikuwa kuagana. Shuleni kwetu msichana akiripoti Kidato cha Kwanza hupelekwa mlango wa kanisa, mwalimu wa darasa anaita jina lake, naye anajibu, "Nimefika," ndipo aingie. Karatasi ya mwisho ikiisha tunasoma misa, na baada ya misa mwalimu yuleyule anaita tena, mmoja mmoja. Safari hii anajibu, "Naenda," anatoka kwa mlango ule, anavuka uwanja mpaka langoni bila kugeuka. Wa mwisho akishatoka, Sista anafunga mlango. Sijui nani alianzisha. Wasichana wanaamini kwamba asiyeitwa hajaenda, atabaki humo na ukuta.

"Lazima umwite," kiranja alisema. Nyuma yake walisimama wenzake. "Alifika na sisi, ulimwita akasema amefika. Asipoitwa atabaki peke yake hapa Disemba yote. Hatuendi, Madam. Wallahi hatuendi."

"Wewe ni Mkatoliki, wallahi umeitoa wapi?"

"Hatuendi tu."

Nikaona ni sawa, nitamwita. Kwetu Murang'a jina la aliyekufa hupewa mtoto, linaitwa jikoni na shambani kutwa nzima na hakuna anayeshtuka. Niliona ni jambo la heshima.

Asubuhi ya kuagana wazazi wa yule msichana walikuja. Sista alikuwa amewaalika wapokee zawadi ya binti yao, kwa sababu ndiye aliyeongoza katika hesabu hadi Julai, na hapakuwa na wa kumpokonya. Zawadi ya hesabu shuleni kwetu ni beseni na blanketi, usiniulize kwa nini. Baba alikuwa mrefu, koti la suti juu, shuka begani. Mama alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa. Nikamsalimu mzee kwa Kimaasai, "Supa," akaitikia, "Ipa," kisha akanivuta kando kwa heshima.

"Mwalimu, nimeskia hapa mnaitanga majina."

"Ndiyo, mzee."

"Yake usiite. Sisi mtu akishaenda hatutaji. Ukitaja, unamrudisha, na huko alikuwa amelala. Padri anajua mimi ni mkristo, nilibatizwa nikiwa mtu mzima. Lakini hii hapana." Akahamisha fimbo yake mkono wa pili. "Mlimwita mara moja. Niliskia. Tangu hiyo siku mama yake halali. Anasema kuna mtu anatembea kwa boma."

Wasichana walitaka nimwite ili aende, na baba hakutaka nimwite ili asirudi. Wote waliogopa kitu kimoja, yule mtoto kukosa mapumziko, na kila upande ulikuwa umeniwekea dawa iliyo sumu kwa upande wa pili. Nikitaja, nimemwasi mzazi ambaye msiba wake bado mbichi. Nisipotaja, nina darasa zima litakalokaa kwenye viti hadi jioni, na moyoni nilishaanza kuamini kwamba walikuwa sahihi.

Mama ndiye aliyenifuata tulipokuwa tunaingia kanisani. Alikuwa amelikumbatia lile beseni jipya.

"Mwalimu, baba yake amesema usimwite. Usimwite," aliniambia. "Lakini usimruke."

Misa yote nilikuwa natafuta maana yake. Ilipokwisha, nikasimama mbele ya mlango uliofunguliwa, jua la mchana likiwa nje, upepo umeamka tena. Nikaanza. Jina, "Naenda," viatu kwenye saruji, kivuli kinapita. Jina, "Naenda." Walikwenda vizuri, wakilia kwa adabu. Nikakaribia nafasi yake, maana nilikuwa nimewaita kwa mpangilio wa viti vyao, na nikaona kiranja, ambaye kiti chake kilifuata kile cha marehemu, amenikazia macho.

Nilipomaliza jina la aliyemtangulia, nikanyamaza. Sikuita aliyefuata. Nilifungua mdomo, nikaacha nafasi ya jina ikae wazi, kwa urefu ule ambao jina lake lingechukua, na zaidi. Kanisa likatulia hata upepo ukasikika ukipekua vitabu vya nyimbo kwenye benchi.

Baba akasimama. Nilidhani anaondoka. Alitembea katikati ya viti, fimbo yake ikigonga sakafu, akaja akasimama kando yangu kwenye kizingiti. Hakunitazama. Alitazama nje, akanyoosha mkono wake mbele, kiganja chini, kama mzee anayemgusa mtoto utosini.

"Sere, entito ai," alisema. Kwaheri, binti yangu.

Sauti ikajibu, "Naenda."

Haikuwa kubwa. Mimi niliisikia ikitoka nje, nikadhani ni mmoja wa waliokwisha kutoka. Baadaye niliwauliza langoni, wakaapa kwamba wao waliisikia ikitoka ndani. Ninachojua ni kwamba kitu kilipita kati yangu na yule mzee, baridi, chembamba, na mkono wake ukashuka taratibu kama uliokuwa umebeba uzito. Mama wa msichana aliweka beseni chini, akajifunika uso na kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa amekibana tangu Agosti. Nikamwita kiranja. Akajibu, akatoka, hakugeuka.

Jioni shule ilibaki na mimi, Sista na mlinzi. Kila mtu alikuwa ameridhika. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili kabla ya kupanda gari la Kajiado. Sista alisema tumefanya kazi njema, akaenda kulala mapema.

Kulipokucha nilimwomba ufunguo, nikasema nataka kukusanya viti. Ukumbi ulikuwa umejaa mwanga wa asubuhi. Nikaenda moja kwa moja hadi dirishani. Nambari ilikuwa bado imebandikwa, na juu yake, juu ya meza yote, kulikuwa na vumbi jekundu sawasawa na la meza nyingine. Nilipaswa kufurahi. Wote walikuwa wamemtaka aende, na ameenda. Nikavuta kiti chake nikaketi, nikakohoa kidogo, mara moja, na nikangoja.