Mdomo Uliochanika

Mdogo wangu alipotimiza miaka kumi na minane aliahidiwa kazi kwenye malori ya maji kule Dadaab, mradi awe na kitambulisho. Kamati ya wazee iliyokuwa ikiwakagua waombaji hapa Garissa ikamrudisha.

"Baba yenu hatumjui," mwenyekiti alimwambia. "Leta karatasi ya babu yako. Siku hizi kila anayevuka mpaka anasema ni wa hapa."

Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi niliacha shule darasa la sita nikauza maziwa ili wadogo zangu watatu wapate kula. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda.

Kwetu mtoto hufundishwa kuwataja babu zake kabla hajajua kuwahesabu mbuzi. Nilisimama mbele ya kamati nikataja mababu kumi na wanane, mmoja baada ya mwingine, bila kukwama.

"Hayo ni maneno," mwenyekiti akasema. "Mimi nataka wino. Na kwa nini hamkuleta mwanamume?"

"Mwanamume wetu mlimrudisha jana, adeer," nikajibu, nikimwita ami kwa heshima.

Babu alikuwa mchungaji, na wachungaji enzi za mkoloni walipewa ruhusa ya maandishi ya kunywesha mifugo mtoni. Nikaenda ofisi ya mifugo. Karani wa pale alikuwa ametoka Kenya, kama tunavyoziita sisi sehemu nyingine za nchi, japo sisi pia tuko Kenya. Alinifungulia stoo akaniambia nijihadhari na nge. Nilipekua madaftari siku tatu. Mengine yaliliwa na mchwa hadi katikati. Jina la babu halikuwepo.

Jioni ya siku ya tatu nilimweleza shangazi, dada ya baba. Alicheka hadi shuka likamdondoka kichwani.

"Unatafuta jina hilo? Hilo alipewa alipozaliwa, basi. Ngamia alimng'ata mdomo akiwa kijana. Tangu hapo hata mama yake alimwita Mdomo Uliochanika. Ungemwita vingine asingegeuka!"

Nilijiona mjinga. Mimi, ninayeishi mtaa ambao kila mtu anajulikana kwa kilema chake, nilidhani mkoloni angeandika jina la heshima. Shangazi akachora kwa kidole mchangani alama waliyochomwa ngamia wetu: nusu duara juu ya mistari miwili.

Asubuhi nilirudi stoo, nikampata daftarini. Mdomo Uliochanika, kwa Kisomali, kisha jina la baba yake, na pembeni mtu alikuwa amechora nusu duara na mistari miwili. Karani alinakili ukurasa mzima, akagonga muhuri.

Mwenyekiti aliusoma mara mbili. "Wenye midomo iliyochanika ni wengi."

"Na wenye alama hii?"

"Alama huchorwa na yeyote."

"Basi sitoki," nikasema, nikaketi sakafuni, mbele ya meza yake. "Kesho nitakuja na shangazi. Keshokutwa nitaleta ngamia wenyewe, muwasome mapajani. Ila wakiingia humu, adeer, mimi sitafagia."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Wallahi atawaleta. Tia sahihi, tukaswali."

Alitia sahihi kwa nguvu, karibu aichane karatasi. Mdogo wangu akaitwa kupiga picha. Alipotoka alinivuta mkono twende nyumbani, lakini sikusimama. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na mimi pia sikuwa na kitambulisho.

"Fomu nyingine," nikamwambia mwenyekiti. "Babu ni yuleyule."