Kano ya Mbele au za Nyuma

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimekaa mbele ya daktari huko Mwanza, natikisa kichwa kukubali mambo nisiyoyaelewa.

Mdogo wangu Spesioza alikuwa ameteleza kwenye mteremko kwetu Mugoma akishusha mkungu wa ndizi, na kano iliyo ndani ya goti ikakatika. Daktari alisema haiungiki. Atachukua kano nyingine mguuni mwake aiweke pale. Ya mbele, chini ya pia ya goti, hushika imara, ila wengine huumia wakipiga magoti. Za nyuma ya paja hazisumbui hivyo, ila huenda zikalegea kidogo, na nguvu ya kukunja mguu ikapungua. Alipoeleza ya kwanza niliitaka hiyo. Alipoeleza ya pili, nikaitaka hiyo pia.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano, nikawalea wadogo zangu. Nilizoea kuwajibia kila kitu. Basi daktari alipouliza, "Huwa anapiga magoti sana?" nikaona aibu kuonekana sielewi.

"Hapana," nikasema. "Weka iliyo imara."

Spesioza akanigeukia. "Kaka, kwani goti ni lako? Jumapili kanisani utapiga magoti badala yangu? Na baba mkwe utamsalimia wewe kwa magoti?"

Daktari akacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Samahani, daktari," nikasema, "sijaelewa hata kidogo. Mweleze mwenyewe."

Akaanza upya, akichora kwenye karatasi. Spesioza akauliza maswali ambayo sikuyawaza kabisa, kisha akachagua za nyuma ya paja.

Leo anapiga magoti bila kulalamika. Lakini akipanda mlima na mzigo, nyuma ya paja humvuta, nami huanza kujiuliza tena. Pengine ya mbele ingefaa zaidi. Sijui, na hata daktari hakutuahidi. Ninachojua ni kwamba nusura nimchagulie maumivu ya maisha ili tu nionekane mkubwa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukija kuwa mkubwa wa nyumba, usimjibie mgonjwa mwenye kinywa chake. Ukichanganyikiwa, sema umechanganyikiwa. Daktari mwema ataanza upya. Mungu akujalie ulimi usioona haya kuuliza, na akutunzie viungo vyako mpaka uzeeni.