Mdakaji Asiyejua Kupiga

Mjukuu wangu ananisumbua nikiandike kisa hiki, kana kwamba sina nguo za kuanua. Haya.

Ilikuwa kwenye treni ya kwenda Auburn, huku ughaibuni, kipindi kile cha barakoa. Mbele yangu walikaa Wakongo wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, ninaosali nao kanisani Guildford, wakibishania timu yao ya besiboli iliyoingia mechi za mtoano. Mdakaji wao, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira, akipewa gongo hapigi kitu.

"Tumutoe," alisema yule mnene, akishusha barakoa asikike vizuri. "Kuchuchumaa tu? Hata mimi naweza."

"Papa, mipira anayoizuia huioni?" mwenzake akamjibu, maana kwao baba ni papa.

"Hata mulango unazuia."

Nikamwambia, "Baba, pandisha barakoa, halafu kachuchumae tuone."

Kumbe kocha wao naye alimsikiliza mnene, akamtoa mdakaji. Jumamosi mnene akadaka yeye, mipira ikampita kama mbuzi waliofunguliwa zizi, timu ikatolewa. Mimi nimepika nikiwa nimechuchumaa miaka hamsini. Angeniuliza, ningemwambia bure.

Jumapili padri akasema tupige magoti. Kanisa zima likashuka. Mnene alibaki wima peke yake, ameshikilia benchi kwa mikono miwili.