Chupa Zilizolala Chini ya Jiko

Kinyozi huyu alikuwa na mkono mwepesi kiasi kwamba nzi alitua shavuni kwa mteja, akaruka hana masharubu, na mwenyewe hakujua mpaka alipofika kwake mkewe akamkana. Hivyo ndivyo kinyozi alivyoapa, na aliyebisha aliambiwa akamtafute huyo nzi amuulize. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: kiti kimoja cha kuzunguka kilicholia kama bata, benchi la wanaosubiri, na kioo kikubwa cha ukutani kilichoanza kuliwa na madoa pembeni. Nyuma ya duka sebule, nyuma ya sebule jiko, na chini ya jiko ndiko yaliko maneno.

Chini ya jiko kulikuwa na tangi. Alilichimba kwa mikono yake wakiwa wachanga katika ndoa, yeye na mkewe, kwa sababu watu wa maji walipita mtaani wakasema mabomba yanakuja. Akachimba, akajengea, akapiga plasta laini kama shavu la mtoto, akaweka mfuniko wa zege na ngazi ya chuma. Mabomba yakafika mtaa wa pili, yakageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Yalipokumbuka kurudi, watoto wa kinyozi walikuwa wameshaota ndevu na tangi lilikuwa limeshapata wapangaji.

Wapangaji wenyewe walikuwa chupa za mvinyo.

Uani kulikuwa na mzabibu. Ulipandwa uwe kivuli tu, lakini ulizaa kwa fujo, zabibu zikaangukia wateja vichwani wakati wananyolewa nje siku za joto. Kinyozi akaona ni dhambi kuzitupa. Akawa kila mavuno anazikanyaga kwenye beseni, mkewe anashika faneli, yeye anamimina, na wote wawili wanatoka zambarau mpaka masikioni. Muuza chupa mmoja aliyekuwa anapita na mkokoteni akamwambia, "Mvinyo haunywewi mbichi, bwana. Ulaze." Akasukuma mkokoteni wake, akakata kona, hakuonekana tena.

Mtu mwingine angelaza chupa ubavu, basi, yamekwisha. Kinyozi alizilaza kama watu wanavyolaza watoto. Alizipanga tangini kwa ukoo, za mwaka mmoja pamoja, akazifunika vizuri. Kushuka ngazi ile ni kwa kuvua viatu. Kuzungumza jikoni ni kwa kunong'ona. Kijiko kikianguka sakafuni, nyumba nzima ilishika pumzi. Msimu wa baridi aliteremsha na jiko dogo la mkaa ziote moto. Mgeni asiyejua angedhani familia ile ina mgonjwa mahututi chini ya sakafu. Na mtu akimuuliza mvinyo wenyewe una ladha gani, kinyozi aliweka kidole mdomoni: "Bado umelala." Miaka ikaenda, hakuna aliyeonja hata tone, kinyozi mwenyewe hakuonja.

Mkewe, yeye, aliteka maji. Bomba la uani lilitoa maji siku linapojisikia. Likijisikia, mama alikimbia na ndoo, madumu, masufuria, mpaka kikombe cha mswaki. Lisipojisikia, alikwenda kuomba kwa jirani. Alikuwa amesema, amenuna, amesema tena, akachoka. Mpaka siku moja aliteleza uani na ndoo kichwani, akakaa chini puu, maji yote yakamwagikia yeye. Kinyozi alitoka mbio na wembe mkononi, mteja akabaki ameogeshwa povu upande mmoja.

"Umeumia, mama watoto?"

"Sijaumia." Alikuwa amekaa palepale kwenye tope, ametulia kama yuko kwenye kochi, na utulivu huo ndio uliomtisha mumewe. "Ila leo chupa zako zinaamka."

"Polepole, zitasi—"

"Zisikie!" Sauti ile ilifika tangini bila kupita ngazi. "Tunaonja. Ikipatikana chupa hata moja ya kunyweka, tangi ni lako, na sitalitaja mpaka mnanizika. Kama zote ni siki, unazitoa, linaingia maji. Na anayeamua ni mimi."

Kwenye benchi la dukani, milango yote ikiwa wazi mpaka uani, alikuwepo Kipara. Huyu hakuwa na unywele hata wa kusingiziwa, lakini alikuja dukani kila siku, akakaa kwenye foleni na zamu yake ikifika akawapisha wengine. Akadakia: "Ala! Mlalamikaji ndiye hakimu?"

"Wewe nyamaza, huna hata cha kunyolewa," mama akamjibu.

Kinyozi alikubali. Kipara alidhani rafiki yake amechanganyikiwa, lakini kinyozi alikuwa na lake moyoni. Maisha yake yote alikuwa amesimama nyuma ya watu, akiwatazama kwenye kioo. Uso wa mtu akiutazama ana kwa ana hakuuelewa hata kidogo, watoto walimdanganya walivyotaka. Lakini uso ulio kwenye kioo aliusoma kama tangazo. Alimjua anayesema "umenipendezesha" huku roho inalia, na anayelalamika huku amejipenda mpaka anataka kujibusu. Kwa hiyo aliweka sharti moja tu: "Utaonjea kwenye kiti changu."

Mama akaenda kubadili nguo, mteja wa povu akamaliziwa akaenda zake, na mama akarudi akapanda kitini. Kiti kikalia kama bata. Kinyozi akamfunga shuka shingoni kama mteja, akakizungusha kiti kikaelekea kioo, kisha akaitwa Shemeji, mdogo wake mama, aje kumimina. Shemeji alikuwa mhudumu wa hoteli kubwa, na hajawahi kukubali kwamba zamu yake imeisha. Alikuja na taulo jeupe mkononi na kizibuo mfukoni, anatembea kama amebeba trei.

"Dada, kwanza unanusa. Halafu unazungusha kinywani. Halafu unatema."

"Niteme? Nimenyimwa miaka yote hii, leo nimepewa niteme?"

Kinyozi alishuka tangini bila viatu. Akapandisha chupa kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, zikiwa bado zimefunikwa wasije wakazishtua kwa mwanga. Mama alitazama kile kilichozifunika. Akatazama tena. Akainuka nusu, shuka likamvuta shingo.

"Hilo si blanketi langu la harusi?"

Kinyozi akaificha pembe ya blanketi mgongoni.

"Baba watoto! Blanketi langu la maua! Nililitafuta mpaka juu ya dari! Nikamnunia dada yako kwa hilo blanketi, nikamnunia mpaka mwanawe akaoa, harusini sikucheza!"

"Basi sasa unaweza kumchekea," kinyozi alisema, sauti ndogo. "Zilikuwa zinasikia baridi."

Kipara alicheka mpaka akaanguka benchini. Ndipo Shemeji akazibua chupa ya kwanza, na kicheko kikakatika. Harufu ilitoka humo ikasimama katikati ya chumba kama mtu anayedai. Mama akaonja. Jicho moja likafumba, la pili likalifuata, mdomo ukajivuta ukawa kama tundu la kifungo.

"Siki," akasema, machozi yanamtoka.

Kinyozi alitazama kioo. Ni siki kweli.

Ya pili ilikuwa kali zaidi. Saa ya ukutani ilisimama, na panya akatoka nyuma ya kabati ameshika meno. Shemeji alionja yeye pia, akakohoa, lakini kazi yake haikumruhusu kukiri. "Nasikia... ngozi. Moshi kidogo. Na kwa mbali, tunda la porini."

"Ngozi ya nani?" akauliza Kipara. "Nikague yangu?"

Ya tatu siki, iliyofuata siki. Ile ya mwaka kifungua mimba wao alipoanza kutembea, siki. Ile ya mwaka paa lilipoezuliwa na upepo, siki tena, na chuma cha kiti ilipodondokea kikang'aa kama kipya. Kinyozi aliona miaka yake inamiminwa kwenye ndoo mmoja mmoja. Mkaa umeziunguza, alianza kuelewa. Mkaa na lile blanketi. Alizipenda zikaiva kupita kiasi. Mabega yake yalishuka, na mkewe kwenye kioo aliona, akaacha kuchekelea.

"Zimekwisha?" Shemeji akauliza, anafuta mikono.

"Ipo moja," kinyozi akasema.

Ilikuwa imelala peke yake nyuma ya ngazi, kwenye kona yenye unyevu, blanketi halikuifikia na moto haukuijua. Aliitengeneza mwaka mkewe alipokwenda kumuuguza mama yake. Hakukuwa na wa kushika faneli. Alimimina peke yake, zaidi ya nusu ikaenda sakafuni, ikapatikana chupa moja tu, naye kwa upweke aliokuwa nao aliitupa konani, hakuwa hata na moyo wa kuifunika. Hayo hakumwambia mtu. Aliileta tu, akamkabidhi Shemeji.

Kizibo kilitoka kwa mlio mdogo, kama mtu anayesema "eh?" Safari hii hakuna harufu iliyosimama. Ilipita taratibu, ikakaa. Rangi ndani ya glasi ilikuwa nyekundu iliyoiva kuelekea kahawia. Shemeji alifungua mdomo aseme ya ngozi na moshi, akaufunga.

Mama akaonja.

Hakukunja uso. Macho yalifumba polepole, yote mawili kwa wakati mmoja. Koo likapanda, likashuka, likakawia kidogo huko chini. Kisha ncha ya ulimi ikachungulia pembeni mwa mdomo kama mjusi anayeangalia kama watu wameondoka, ikakuta tone, ikarudi nalo ndani.

"Siki," mama akasema.

"Loo," Kipara akapumua. Yeye na Shemeji walikuwa nyuma na pembeni; hawakuona kitu. Lakini kinyozi alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, na kioo kilikuwa kimemwambia kila kitu, mpaka mjusi.

Ameshinda! Neno lilimfika kwenye meno. Angesema, wangeonja wote, hakimu angeumbuka, na tangi lingekuwa lake mpaka kaburini. Akafungua mdomo. Ndipo macho yake yakashuka, yakaiona mikono ya mkewe imetoka chini ya shuka, imeshika glasi. Kila siku aliishika mikono ile, hakuwahi kuitazama kwenye kioo. Kwenye viganja kulikuwa na mstari mgumu, mweupe, mahali mshikio wa ndoo unapokaa. Mkono wa kulia na wa kushoto, mstari uleule, kama umechorwa na rula.

Akafungua shuka shingoni mwake, akalikung'uta ingawa hakukuwa na nywele.

"Hakimu ameshasema," akasema. "Kesho nalisafisha tangi."

Shemeji akainamisha kichwa kama msibani. Mama hakusogea. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ameukosa, akawa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akainua macho kwenye kioo, akakuta ya mumewe yanamsubiri humo, na yanacheka.

"Umeniona," akasema taratibu.

"Nimekuona."

"Ulimi?"

"Na ulimi."

"Na umenyamaza?"

"Mteja ninayempenda namnyoa bure, watu wasijue," kinyozi akasema, maana maneno ya mapenzi hakuwa nayo mengine.

Mama akashika pua, kwa sababu ndipo kicheko chake kilipokuwa kinatokea. Mwisho kikamshinda, kiti kikalia kama bata chini yake. Akanyoosha glasi kumwelekea mdogo wake. "Hebu niongeze hiyo siki kidogo. Na mwenzangu hapa mpatie."

"Siki haiongezwi!" Kipara aliruka kutoka kwenye benchi. "Mama! Nilijua! Nilisema mlalamikaji hawezi kuwa hakimu! Leteni glasi, hii kesi isikilizwe upya!"

Ikasikilizwa upya, na wote wanne. Kinyozi alipoonja kwa mara ya kwanza mvinyo wa mikono yake, aliipangusa glasi kwa kidole mpaka ikakauka, akakilamba. Lakini hukumu haikubadilika, kwa sababu aliyeshinda alikataa kushinda. Tangi lilisuguliwa kwa siki yake lenyewe, na hapo ndipo ilipojulikana kazi ya siki ile, maana plasta ilitakata mpaka watu wakajiona humo. Kilichobaki kilifuta madoa ya kioo. Bomba lilipojisikia, maji yakaingia tangini kwa kishindo, na mama akavuta kigoda akakaa jikoni kuyasikiliza, kama wengine wanavyosikiliza redio. Ndoo alizigeuza, akapandia maua. Blanketi akalipeleka kwa wifi yake kumwonyesha, wakalia wote wawili, wakacheka, akarudi nalo.

Mavuno yaliyofuata waliyakanyaga pamoja, faneli mkononi mwa mama. Swali likawa zilale wapi, na jibu alilitoa yeye: uvunguni mwa kitanda chao, kwenye sakafu baridi, bila blanketi, bila mkaa, na mtu asithubutu kuzibembeleza. Kinyozi alikubali yote isipokuwa moja. Kunong'ona kubaki.

Kwa hiyo sasa mama akiwa chumbani akikumbuka kosa la mumewe, na makosa hayakosekani, akavuta pumzi ili ampashe, kinyozi huweka kidole mdomoni, akaonyesha chini ya kitanda. Naye mama hulazimika kumgombeza kwa kunong'ona, mdomo umesogezwa kabisa sikioni, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Kipara alipomuuliza kama adhabu hiyo haimchoshi, kinyozi alijibu kwamba bado hajasikia vizuri, itabidi arudiwe.