Sikuponea Gesti ya Runzewe

Wapendwa, mimi ni Mama Kulwa wa Tinde, muuza vitenge minadani. Kabla ya korona furushi langu nilikuwa nalipandisha mwenyewe kwenye basi. Nasimama hapa nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Wakati ule wafanyabiashara tuliipenda gesti moja ya Runzewe. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji na sabuni, vyumba vinanuka dawa, na kila jioni uani tunapiga nyungu: sufuria la mwarobaini na malimao yanayochemka, wageni wanne watano chini ya blanketi moja. Tukasema hakuna gesti salama kama hii. Waliovaa barakoa tuliwacheka. Jioni moja jirani yangu alikohoa humo ndani mpaka mate yakanirukia shavuni. Mwenye gesti akasema huo ndio ugonjwa unatoka, tuvute mvuke zaidi. Nasi tukavuta!

Haukupita muda mwili ukawaka. Harufu ya dawa sikuisikia tena. Nilikohoa hadi nikajikojolea, kifua kikabana, hewa haishuki. Nikaomba nitafutiwe usafiri wa hospitali. Mwenye gesti alisimama mbali, amejiziba pua na kitambaa.

"Mama Kulwa, usitaje korona hapa, wageni watanikimbia," alisema. "Pitia mlango wa uani."

Mtu anakata roho, yeye anawaza wageni! Nilimpigia mteja wangu wa pale mjini, Mama Neema. Alikuja na bajaji, akanishika kiunoni bila kuogopa. Mama Neema, wabeja sana, asante.

Daktari aliuliza nilikuwa natumia nini. Nikamjibu nyungu. Akauliza, na watu wangapi? Nilipomwambia, akaniwekea oksijeni. Nililala na mpira puani hadi nikasahau kuhesabu siku. Nilipotoka, kwenda chooni tu nilishika ukuta.

Nilipopata nguvu nilirudi gesti kuwaonya wengine. Nikawakuta wamejifunika vilevile. Nikawaambia waachane na hilo blanketi, wenye kikohozi waende hospitali. Mgeni mmoja akatoa kichwa, akaniambia kwa upole:

"Mama, hapa ni salama. Kuna mama mmoja wa Tinde aliletwa mahututi, akapona kwa nyungu hii hii. Mwenye gesti mwenyewe katuambia."

Wapendwa, kifua kikibana kimbilieni hospitali, msimwonee mtu aibu. Namshukuru Mungu na wale madaktari. Na mkifika Runzewe mkasikia habari za huyo mama wa Tinde, waambieni mmemwona, na alisema pale ndipo alipougulia.