Robo Saa ya Kichuguu cha Kwapa

Wengi hapa Busia huniuliza kwa nini kila masika, kwa siku moja tu, saa yangu ya mfukoni hukimbia mbele robo saa, na kesho yake hurudi na adabu zake. Jibu lake lina safari ndani. Nitaisimulia kama ilivyokuwa, na nikizidisha, nitazidisha kidogo.

Nilipomaliza shule ya usiku nilijinunulia saa yenye mnyororo, na tangu siku hiyo hakuna jogoo mtaani kwetu aliyewika bila kunisikiliza kwanza. Sifa zangu zilivuka mpaka wa Uganda zikamfikia dada yangu Nabwire, aliyeolewa na Mteso mmoja, Etyang, kule Kwapa karibu na Tororo. Akatuma ujumbe kupitia dereva wa lori la pamba: mvua zimeanza, njoo na ile saa, hapa kunawaka moto.

Moto wenyewe ulikuwa kichuguu. Marehemu baba yake Etyang aliwaachia wanawe wawili, Etyang na mdogo wake Ekisa, kichuguu kimoja kikubwa, na kule kichuguu hurithiwa kama ng'ombe. Kila masika hutoka kumbikumbi, wale wadudu wenye mabawa ambao wakikaangwa mtu husahau nyama. Msimu uliotangulia ndugu hao waligombea kumbikumbi mpaka wakavishana vikapu vichwani, na tangu hapo hawakula chungu kimoja. Mama yao, ambaye kila mtu humwita Toto, yaani mama kwa Kiteso, akaapa kwamba wakigombana tena atakichimba kichuguu mpaka amtoe malkia, mambo yaishe. Basi wakapatana: kumbikumbi watakaotoka kabla ya saa kumi alasiri ni wa Etyang, watakaotoka baadaye ni wa Ekisa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema saa kumi ni lini. Mtu huyo ndiye mimi.

Saa moja asubuhi, Jumamosi, nikapanda baiskeli. Nilikuwa nimepaka mafuta mnyororo wa baiskeli na mnyororo wa saa.

Mpakani askari alinisimamisha kunisalimu tu, maana tulijuana. Mwaka ule serikali upande wa Kenya ilikuwa imesogeza saa mbele kwa robo saa, na upande wa Uganda walikuwa hawajaisogeza. Askari akaitazama saa yangu akanishauri niirudishe. Nikamwambia saa yangu imeshahitimu, haiwezi kurudishwa darasa. Akacheka, nikacheka, nikapita. Ningalimsikiliza, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Saa mbili na nusu nilikuwa katikati ya matope. Matope ya njia ile yalikuwa na njaa; yalikimeza kiatu changu cha kushoto, yakakionja, yakakitema. Lakini nani angenuna? Mvua ya kwanza ilikuwa imewatoa watu wote nje, kana kwamba nyumba zimetangaza likizo. Akina mama walipanda wimbi huku wakirushiana maneno kutoka shamba hadi shamba, vizee wamehamishia vigoda uani, watoto wachanga wamelazwa kwenye vikapu pembezoni mwa matuta. Na kila kichuguu nilichopita kilikuwa kimechomekwa vijiti na kufunikwa majani ya migomba, kimependeza kama bibi arusi. Mbele yangu ulisimama Mwamba wa Tororo. Kila nilipokanyaga pedali, nao ulirudi nyuma hatua moja.

Saa tano nikafika Kwapa. Nilitoa salamu, "Yoga," nikaitikiwa na watu kama thelathini, kuku wakiwemo. Toto alikuwa ameketi kando ya kichuguu, jembe limelala magotini. Nabwire alinipokea baiskeli, akaninong'oneza kwamba jembe lile limenolewa alfajiri.

Saa nane ikanyesha mvua ya rasharasha, kisha jua likatoka limenawa uso. Familia zote mbili zikashuka kichuguuni, kila moja na upande wake na vikapu vyake. Watoto wa Etyang walichimba kishimo chini ya matundu, Nabwire na mke wa Ekisa wakatandaza mablanketi juu ya vijiti, kila mmoja upande wake, wakiacha mwanya mmoja wa mwanga kuelekea shimoni, maana kumbikumbi hufuata mwanga. Ekisa naye hakuja mikono mitupu. Alimleta mwamuzi wake, Juma, Mwislamu mcheshi mwenye mkokoteni wa ng'ombe mjini Tororo, na Juma alikuwa na saa iliyolinganishwa na ile ya boma la serikali. Tulisalimiana kama mabalozi. Tukasifiana minyororo. Kuchunguliana saa tuliona ni utovu wa adabu.

Saa tisa na nusu watoto wakaanza kugonga vijiti juu ya gogo, ko-ko-ko, kumdanganya kumbikumbi kwamba mvua imerudi. Bibi mmoja akaongoza wimbo, nami nikagonga mpaka vidole vikasahau majina yao. Wakatoka kumbikumbi wawili, watatu, wapelelezi. Etyang aliwaweka kikapuni kwa heshima zote.

Kisha saa yangu ikafika saa kumi kamili. Nikapaza sauti kutangaza. Ekisa akaruka na kikapu.

"Bado," Juma akasema. "Mimi naona kumi kasorobo."

Hapo ndipo mambo yalipopinduka, kwa sababu kila mwamuzi alikuwa amemponza aliyemleta.

"Shemeji," Etyang akaniambia, "nimekulisha kuku mzima, na wewe wampa huyu saa zangu?"

Ekisa alikuwa amemshika Juma kanzu. "Nani alikuleta hapa? Si mimi? Sasa wewe napinga mimi?"

"Saa ya boma haina rafiki," Juma akajibu, ingawa jasho lilimtoka.

Na katikati ya kelele hizo kichuguu kikafunguka. Sisemi kwa kuzidisha: walitoka kumbikumbi kama moshi wa garimoshi, wakajaza blanketi mpaka likainuka, wakamiminika shimoni wakimeremeta. Hakuna aliyethubutu kuwagusa. Etyang alimshika Ekisa mkono, Ekisa alimshika Etyang ukosi, na kumbikumbi wa mwaka mzima wakaanza kurukia angani.

Toto akasimama. Jembe likapanda begani.

Nilitazama saa yangu, nikatazama saa ya Juma, na kwa mara ya kwanza tangu nihitimu nikatumia hesabu niliyofundishwa.

"Toto, subiri," nikasema. "Kwa saa yangu, zamu ya Etyang imekwisha. Kwa saa ya Juma, zamu ya Ekisa haijaanza. Robo saa hii haina mwenyewe."

Toto alinitazama, jembe likiwa begani. Kumbikumbi mmoja akatua puani mwake.

"Kama haina mwenyewe," akasema, "basi ni yangu mimi. Leteni vikapu vyote."

Akalishusha jembe, akalitumia kupanua shimo. Loo, robo saa ile! Vikapu vilijaa, vikafuata masufuria, kisha beseni la kumwogeshea mtoto, kisha kofia yangu. Juma alikunja kanzu yake akaifanya gunia. Wake za ndugu wale, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu msimu uliopita, walishika blanketi moja, huyu pembe hii, yule pembe ile, wakicheka mpaka wakakaa chini. Juma alipotangaza saa kumi yake, kichuguu kilikuwa kimenyamaza. Zamu halali ya Ekisa ilileta kumbikumbi kumi na mmoja. Niliwahesabu.

Jua likiwa bado juu, Toto alikaanga kumbikumbi wake katika chungu chake kimoja, uani, akasonga ugali wa wimbi. Aliyetaka kula angekula hapo, kwa kuwa kwingine hapakuwa na kitu. Ndugu wakazunguka zunguka kama kuku wa wageni. Mwishowe Etyang alikisogeza kigoda kwa mguu, kikamfikia mdogo wake. Ekisa akakaa.

Jumapili nikarudi Busia. Mpakani askari aliuliza kama saa yangu ilinitesa. Nikamwambia imeishi robo saa ambayo yake haijawahi kuiona.

Miaka ikapita, serikali zikasawazisha saa, na robo saa yetu ikafa. Masika yale Nabwire alinitumia ujumbe kutoka kwa Toto, mfupi: nisithubutu kufika na saa iliyonyooka. Kwa hiyo kila mvua za kwanza, nikiuona Mwamba wa Tororo, nashuka kwenye baiskeli, naisogeza saa yangu mbele robo saa. Juma haigusi yake. Chungu kikishakuwa kitupu, nairudisha. Shuleni walitufundisha kwamba saa ina dakika sitini. Kwapa nilijifunza kwamba kumi na tano kati ya hizo ni za mama.