Gitaa Lisilo na Jina

Miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipomwagika madukani, kiongozi wa bendi yetu pale Dodoma alinunua gitaa la umeme lisilo na jina. Lilikuwa jeusi na zito. Yeye aliwahi kukaa Dar es Salaam miezi minne, akarudi ameisahau lugha ya mama yake, basi tukamwona mjuzi.

"Limetoka Marekani," akatutangazia. "Mti wake hauoti Afrika."

Wenzangu wakatikisa vichwa kama mijusi juani. Mimi pia.

Mchana nilikuwa seremala Kizota. Jioni nikimpigia besi. Waya wa ndani ya gitaa ulipokatika, akaniletea karakanani. Nikafungua kibati cha nyuma. Huko ndani rangi haikufika: mbao ilikuwa ya kahawia yenye wekundu, na alama za patasi zilionekana. Nikaikwangua, nikanusa. Nimepiga randa vitanda vingi mno; harufu ile naijua.

"Kiongozi, huu ni mninga."

"Wamarekani wananunua mbao kwetu," akajibu, wala hakuangalia.

Nikiwa nalehemu waya, akaingia mpigaji solo wetu wa zamani, mtu wa Mvumi, ambaye kiongozi alimfukuza eti ana sura ya shamba. Alikuja kuazima msumeno. Akaliona gitaa mezani, akacheka.

"Kumbe mlinunua ninyi! Mwili nimeuchonga mimi, kwa ubao wa kitanda cha marehemu baba. Shingo na vifaa vya umeme nilivitoa kwenye gitaa lililovunjika, kisha nikamuuzia mwenye duka."

"Mwongo," kiongozi akasema.

"Fundi, sogeza hizo waya. Kuna tobo la bolti ya kitanda, nililiziba kwa kijiti."

Nikazisogeza. Kijiti kilikuwepo.

Mwenye haya angenyamaza. Wiki ileile kiongozi akadai gitaa limeanza kutoa sauti ya kishamba. Akalibadilisha na yule mtu wa Mvumi kwa redio kaseti, kisha akanunua jingine, jekundu, lenye jina la Kiingereza kwa herufi za dhahabu. Lilikoroma kama debe.

Skrubu zake zilipolegea, nikalifungua: plaiwudi tupu, tena iliyoanza kuachana.

"Mbao gani hiyo?" akauliza.

"Ya Ulaya, kiongozi."

Akatabasamu kama bwana harusi. Nilimdharau mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Halafu Jumamosi nikapanda jukwaani, nikasimama nyuma yake, nikaendelea hivyo miaka mingine mitatu.